Baba Soketi na Kinga ya Friji

Stima ikipotea Kitengela, watu wengi hutafuta tochi ya simu. Lakini kule Noonkopir iko ploti moja ya milango minane, yenye geti la bluu, ambako watu husimama tu pale giza lilipowakuta, wakangoja sauti. Na sauti yenyewe haikawii.

"Chomoaaa!"

Huyo ni Mbuvi, mzee anayeangalia ploti. Hapo utasikia plagi zikitoka ukutani mlango baada ya mlango, tak, tak, tak, kama bisi zinazoanza kuiva. Mwihaki wa saluni anachomoa mashine ya kukaushia nywele. Nzisa, mke wa Mbuvi, anachomoa friji. Na Wakhungu, kijana wa mlango wa mwisho, anachomoa ile spika yake kubwa inayotetemesha vikombe vya wenzake, huku akinung'unika, "Sawa, Waziri wa Kawi, tumechomoa."

Stima ikirudi, hakuna anayegusa kitu. Mbuvi husimama verandani na kikombe cha chai, akiitazama balbu moja kuukuu ambayo amekataa katakata ibadilishwe. Hiyo balbu ndiyo mpelelezi wake. Ikikonyeza, anangoja. Iking'aa kupita kiasi, anangoja. Ikitulia mpaka chai ifike nusu ya kikombe, basi anaita, "Chomeka!" na muziki, nywele na kila kitu vinaendelea pale vilipoishia. Ndiyo maana jina lake la kuzaliwa karibu lisahaulike. Kuanzia kwa muuza sukuma wiki hadi kwa fundi wa viatu, anaitwa Baba Soketi.

Usidhani alizaliwa na woga huo. Mbuvi alitoka Kangundo akiwa kijana, akaja huku enzi ambazo ukirusha jiwe lilimpata pundamilia kabla halijapata duka. Kazi yake ya maisha ilikuwa geti la kiwanda cha nguo, upande wa Athi River. Wengine huona geti ni kazi ya kufungua na kufunga. Mbuvi aliiona ni kazi ya kungojesha. Gari likija mbio likipiga honi, alisimama, akatazama magurudumu, akamtazama dereva, akairekebisha kofia yake ambayo haikuwa na shida yoyote, ndipo akafungua.

"Mtu akikuja na haraka," alizoea kumwambia Nzisa, "unampatia muda kidogo uone ni haraka ya nini."

Siku moja alimngojesha mkurugenzi mwenyewe, mvua ikinyesha, kwa sababu alikuja na gari lisilojulikana. Mkurugenzi alitukana kwa lugha mbili. Krismasi ilipofika akamletea Mbuvi mbuzi.

Alipostaafu wakamwambia, "Mzee, sasa utapumzika." Neno hilo halikumkaa vizuri, lakini akanunua televisheni ili apumzike nayo. Hawakukaa pamoja sana. Jioni moja stima ilipotea, ikarudi kama ng'ombe walionusa maji. Televisheni ikalia pwa! na moshi mwembamba ukapanda taratibu kuelekea dari, kama roho inayoaga. Majirani wakaja kutoa pole. Mwihaki alileta sukari na majani chai, kama anayekuja matanga. Wakhungu akauliza itazikwa wapi.

Mbuvi hakucheka. Alikaa akiitazama plagi pale ukutani, akaona kosa liko wapi. Mgeni amekuja mbio, na geti lilikuwa wazi. Basi tangu hapo akawa bawabu wa stima. Na ukweli usemwe, tangu hapo hakuna kitu kilichoungua katika ile ploti. Wanaomcheka wanamcheka wakiwa wameshika plagi mkononi.

Sasa tuje kwa hiyo friji, maana ndiyo iliyoleta maneno.

Nzisa hutengeneza yogati. Maziwa anayapata kwa Kuntai, mfugaji wa kule Isinya ambaye pia ni mzee wa kanisa, mtu mrefu, mpole, anayejulikana kwa vitu viwili: ng'ombe wazuri na maombi marefu. Nzisa husema Kuntai akianza kuombea chai, unaweza kuinjika maharagwe na yakaiva kabla ya amina. Kwa miaka yote hiyo yogati ilikuwa ya watoto wa shule na akina mama wa kanisa, kikombe hapa, kikombe pale. Lakini mwezi huo Kuntai alikuja na habari. Kijana wake alikuwa anaoa Jumamosi. Wakwe walikuwa wanatoka Kimuka, na wazee wao hawagusi soda.

"Wale ni watu wa maziwa," Kuntai akasema. "Ukiwapatia soda wanaona umewafukuza. Mama Sheryl, mimi nataka yogati yako ndio iwapokee."

Nzisa aliitikia kwa utulivu, akamsindikiza mgeni hadi getini, akarudi ndani, akamshika mumewe mabega akamtikisa.

"Harusi, Baba Sheryl! Harusi nzima! Nikiharibu hii, mimi sina uso wa kuonyesha hapa mpaka Isinya."

Binti yao Sheryl, anayekaa Tuala, aliposikia akaja na zawadi. Kilikuwa kidude cheupe, kama robo mkate, chenye swichi na kitaa kidogo mbele. Kinga ya friji. Unakichomeka ukutani, friji unaichomeka kwake.

"Baba, mambo ya kukimbizana na giza yameisha," Sheryl akasema kwa furaha. "Hii inajisimamia. We wachana nayo tu. Sasa utapumzika."

Lile neno tena. Mbuvi akakigeuza kidude huku na huku, akakinusa, akauliza kina uzoefu gani. Sheryl akadhani ni mzaha. Nzisa akajua sio mzaha.

Alhamisi mchana yogati yote ikaingia kwenye friji, ndoo ndogondogo nyeupe, zimepangwa kama kwaya. Jioni mvua ikaja na upepo wa kule mbugani, mabati yakapiga kelele, na stima ikaenda zake.

"Chomoaaa!" Mbuvi akaita, kisha mwenyewe akakimbilia jikoni. Nzisa alikuwa amesimama mbele ya friji, mikono kiunoni.

"Wee! Iwache hiyo. Hiyo iko na askari wake."

Mbuvi akarudi sebuleni, akakaa kitini kama mtu aliyenyang'anywa kofia.

Stima ilirudi asubuhi, chai ikiwa mekoni. Na hapo ndipo Mbuvi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakwenda verandani. Balbu yake ikawaka peke yake, ikakonyeza peke yake, hakuna wa kuitazama. Yeye alisimama jikoni, miguu sambamba, akitaka kuona huyu askari mpya anafanya kazi namna gani.

Askari mpya hakufanya chochote. Kitaa kikawaka rangi ya njano, basi. Friji kimya kabisa.

Mbuvi akangoja kidogo. Kikohozi kikambana, kile kikohozi cha mtu anayeficha tabasamu.

"Mama Sheryl," akaita. "Kuja uone. Askari wako amelala kazini."

"Atakuwa hajaona stima imerudi," Nzisa akasema, akainama, akazima swichi ya kinga, akaiwasha tena. Njano. Kimya. Akarudi kwa chai yake. Chai ilipofurika akakumbuka friji, akaja, akazima, akawasha. Njano. Akaenda kuwapa kuku maji. Akarudi. Zima, washa. Njano.

"Labda ni mkono wako," Mbuvi akasema. Akazima yeye, akawasha yeye, kwa kidole gumba, kwa heshima zote. Njano.

Huko nje watu walikuwa wanangoja sauti na sauti haiji. Mwihaki akaja na mteja nyuma yake, mteja mwenyewe nywele zinachuruzika maji mpaka kwa shingo.

"Baba Soketi, tuko aje? Huyu mama atapata homa."

"Kuna shida huku," Mbuvi akamwambia. "Tumeletewa mfanyakazi hafanyi kazi."

Mwihaki akainama akakiangalia kidude. Akazima, akawasha. Mteja wake naye, kwa vile alikuwa amefika, akazima, akawasha. Wakhungu akatokea akipiga miayo, ameshika mswaki.

"Wazee, hizi vitu ni kama simu. Unazima, unahesabu pole pole, unawasha. Ndio dawa ya kila kitu." Akazima, akahesabu, akawasha. Njano. "Ama unaigonga." Akaigonga. "Basi hii ni ya kurudisha dukani. Mzee, si useme Chomeka watu waendelee na maisha?"

"Sijaangalia balbu."

"Balbu inawaka, naiona kutoka hapa!"

"Kuwaka si kutulia."

"Zii, mimi nimechoka," Wakhungu akasema, akaenda zake na mswaki wake. Mlango wa mwisho ukasikika ukifungwa.

Basi asubuhi ikaenda hivyo. Kila aliyepita jikoni aliona kile kitaa cha njano kama mtoto anayelia, hakuweza kukipita bila kukigusa. Jua likapanda. Jikoni kukaanza kuwa na joto. Nzisa akafungua mlango wa friji, akaweka kiganja kwenye ndoo ya kwanza, akaufunga haraka. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umebadilika, na Mbuvi akasahau kikohozi chake.

"Baridi inaisha," akasema kwa sauti ndogo. "Baba Sheryl, Kuntai anakuja kuangalia saa yoyote. Hii ikichachuka mimi nitawaambia nini wale watu wa Kimuka?"

Mbuvi akafikiria kumpigia Sheryl. Lakini Sheryl angeuliza, "Baba, umeifanya nini?" na hilo swali hakulitaka.

"Toa hiyo takataka," Nzisa akasema. "Rudisha friji kwa ukuta kama zamani. Sasa hivi."

Hapa ndipo ujue mtu anaweza kulinda geti maisha yake yote, halafu alifungue kwa sababu ya machozi ya mkewe. Hakwenda kuitazama balbu. Hakunywa hata funda la chai. Alipiga goti, akaishika plagi ya friji pale ilipoingia kwenye kinga, akazima na kuwasha swichi mara moja ya mwisho, kwa hasira tu, na alikuwa anakaribia kuvuta.

"Hodi humu! Takwenya, Mama Sheryl!"

"Iko," Nzisa akaitikia salamu hiyo ya Kimaasai, akipangusa macho kwa leso.

Alikuwa Kuntai, na shuka lake jekundu juu ya koti la suti, akiinamisha kichwa apite mlangoni.

"Sopa, Baba Sheryl!"

"Ipa," Mbuvi akajibu kutoka sakafuni.

"Naona uko kwa magoti tayari. Hiyo ni vizuri sana. Kabla macho yetu haijaona chakula ya harusi, wacha tumshukuru Enkai, Mungu wetu." Na kabla Nzisa hajafungua mdomo kusema lolote, Kuntai alikuwa amevua kofia na kufumba macho. "Tuombe."

Sasa wewe fikiria. Utavuta plagi katikati ya maombi ya mzee wa kanisa? Mwihaki, aliyekuwa mlangoni na mteja wake, akafumba macho. Nzisa akafumba. Mbuvi akabaki pale chini, mkono kwenye plagi, hathubutu kusogeza hata kidole. Jicho moja alilifumba. La pili lilikataa. Lilikuwa usoni pa kitaa.

"Papa, Enkai," Kuntai akaanza, sauti yake nzito ikitambaa taratibu, "tunakushukuru kwa mvua ya jana. Tunakushukuru kwa nyasi ambayo itatoka kwa hiyo mvua. Tunakushukuru kwa ng'ombe ambayo itakula hiyo nyasi..."

Maombi yalikuwa yamefika kwa ndama wakati balbu ya verandani ilipong'aa. Mbuvi aliiona kupitia dirishani. Haikuwaka, ilimeta, nyeupe kama upanga. Kwenye kinga, ile njano ikaruka ikawa nyekundu. Na kutoka mlango wa mwisho wa ploti, ikaja sauti aliyoijua kuliko wimbo wowote.

Pwa!

Kisha sauti ya Wakhungu: "Ayayayaya! Spika yangu! Woi!"

Mbuvi akautazama mkono wake juu ya plagi. Angekuwa amevuta. Angekuwa ameshachomeka ukutani. Hiyo pwa ingekuwa ya humu jikoni.

Kuntai hakufungua macho. "Shetani amesikia," akasema kwa utulivu, "na ameanguka chini. Kwa hivyo, Papa, wacha nianze tena mahali nilikuwa." Naye akarudi kwa mvua.

Na sikiliza hili. Balbu ilipotulia, ule wekundu ukaondoka, kitaa nacho kikarudi njano. Kikaanza tena pale kilipokuwa.

Mbuvi akakitazama. Kuntai akapita nyasi, akapita ng'ombe, akaingia kwa mbuzi na kondoo, akawataja bibi na bwana harusi, wazazi wao, wapishi, dereva wa lori la viti. Kidude hakikusogea. Hakikulala wala hakikufa. Kilikuwa kinatazama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuna aliyekigusa, na Mbuvi, kwa jicho lake moja, akaanza kuona kitu alichokifahamu. Mgeni amekuja mbio. Kuna mtu amesimama getini, anatazama magurudumu, anamtazama dereva, anarekebisha kofia. Na sisi asubuhi nzima, Mungu wangu, tunamvuta shati! Kila akikaribia kumaliza kumkagua mgeni, tunamwambia aanze upya!

"...na hawa wazee wa Kimuka," Kuntai alikuwa anasema, "ulainishe roho zao, Papa, wasiongeze ng'ombe ingine, kwa maana tulishapatana..."

Tak.

Njano ikawa kijani. Friji ikatetemeka kidogo, kama mtu aliyeamshwa, kisha ikaanza, nguuuuu.

"Amina!" Nzisa akapiga kelele.

"Amina!" akasema Mwihaki.

"Amina," akasema mteja, ambaye nywele zake sasa zilikuwa zimekauka zenyewe.

Kuntai akafungua macho, akashangaa kidogo. "Mimi sikuwa nimemaliza," akasema.

Nzisa alikuwa anacheka na kulia pamoja. Akatoa ndoo, akachota kijiko, akampa Kuntai. Mzee akaonja, akalamba kijiko kwa muda ambao ulimzeesha Nzisa kidogo, akasema, "Ashe naleng, asante sana. Wakikunywa hii, hata ile ng'ombe ya mwisho wataisahau. Iwache ilale humo kwa baridi, kesho asubuhi nakuja na gari."

"Ni maombi yako, Mzee," Nzisa akamwambia. "Hii friji imekataa kila mtu. Imesikia wewe."

Mbuvi akanyanyuka, akipangusa magoti. Alijua alichokiona. Akamtazama Kuntai, akamtazama mkewe ambaye uso ulikuwa umerudi mahali pake, akaamua kupita njia ya katikati.

"Maombi ni maombi," akasema. "Lakini nasema hivi. Kutoka leo, mtu yeyote akigusa hiyo swichi, mimi na yeye tutaonana getini."

Baadaye alikwenda mlango wa mwisho na sukari na majani chai kwenye karatasi. Wakhungu alikuwa amekaa kitandani, spika mapajani, ikinuka kama nywele zilizoungua.

"Pole sana, kijana wangu," Mbuvi akamwambia. Akangoja kidogo, kama inavyostahili. "Sasa, itazikwa wapi?"

"Mzee, hukusema Chomeka, nikachoka kungoja," Wakhungu akalalamika.

"Ndio. Sikusema."

Wakatazamana, na Wakhungu, pamoja na uchungu wote aliokuwa nao, akaanza kucheka. Mbuvi akaona pia kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameacha zamu. Akamwambia akipata spika nyingine, wataitafutia askari wa aina ile ile.

Jioni akampigia Sheryl. "Yule mtu wako," akasema, "kabla ya kuja hapa alikuwa anafanya kazi geti gani?"

"Baba, mtu gani?"

"Huyu wa njano. Anajua kazi."

Harusi ilipita, na wazee wa Kimuka walikunywa yogati mpaka wakaomba ya kubeba. Wiki iliyofuata, jioni, stima ikapotea tena. "Chomoaaa!" na plagi zikatoka, tak, tak, tak, mlango baada ya mlango. Friji ya Nzisa peke yake haikuguswa.

Stima iliporudi, Mbuvi hakusimama verandani. Alibeba kigoda chake na chai yake, akakaa jikoni, pahali ambapo jicho moja linaona balbu kupitia dirishani na jingine linaona kitaa. Chai ikafika nusu. Balbu imetulia kabisa. Zamani hapo angeita. Akamtazama mwenzake. Njano.

"Wewe ni mkali kunishinda," akamwambia, akashusha kikombe, akangoja.

Tak.

"Chomekaaa!"

Muziki ukaanza mlango wa mwisho, mdogo mdogo, wa simu. "Waziri!" Wakhungu akaita kutoka huko. "Leo mbona umechelewa hivyo?"

Mbuvi akairekebisha kofia yake kichwani, ingawa haikuwa na shida yoyote.

"Tulikuwa na kikao," akajibu.